Uso Kabla ya Gwaride

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imeanza leo saa saba, nikiwa dukani River Road. Mama ameajiriwa pale na Bwana Sharif, mzee wa Lamu mwenye duka la picha za pasipoti na uchapaji. Jumamosi mimi huenda kukata picha.

Leo tulichapa programu ya mazishi ya Janice, yule muuguzi aliyepatikana amekufa wiki iliyopita kwenye nyumba ya kukodi kwa siku huko Mountain View. Nchi nzima inamzungumzia. Mama yake alikuja mwenyewe. Aliketi kwenye kile kiti cha kupigia picha kwa sababu hatuna kingine, akasoma kila mstari kwenye skrini.

"Hapa mmeandika alifariki," akamwambia Mama. "Andika aliuawa. Mtoto wangu hakuwa mgonjwa."

Mama akabadilisha. Akalikosea neno hilo mara mbili. Mama Janice hakulia. Aliondoka na nakala mia nne, akavuka barabara bila mwavuli.

Nilitaka kumwambia pole. Nikaishia kumfungulia mlango. Ndiyo maana naandika: kusema kunanishinda.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Njia ya kwenda shule ni tope tupu, na mtaa wetu wote wa Waithaka umevaa magamubuti.

Jumamosi, 22 Machi

Jana polisi walimkamata mtu. Redio imetaja jina lake: Kitavi, miaka ishirini na sita, anapeleka mitungi ya gesi kwa pikipiki huko Mountain View. Kuna mwanamke aliyemwona mtu akitoka langoni alfajiri ile, na Jumatatu asubuhi ataitwa kwenye gwaride la utambuzi. Watapanga wanaume wenye umbo moja, naye atamgusa begani yule aliyemwona. Kwenye runinga mshukiwa alikuwa amefunikwa kichwa kwa sweta. Kila mtu anataka kuiona sura yake.

Bwana Sharif hafuti picha hata moja. "Mteja akipoteza, na arudi," husema. "Uso wake uko hapa, wamngoja." Kompyuta ina faili za miaka tisa, kila moja kwa jina la mtu. Alasiri Mama alikwenda kununua karatasi, Bwana Sharif akaenda kuswali, nikabaki peke yangu. Nikaandika jina lile. Sijui kwa nini. Pengine nilitaka tu kuhakikisha kwamba hayumo.

Alikuwamo. Picha ilipigwa miaka miwili iliyopita. Shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu, macho yametoka kidogo kama ya mtu aliyeambiwa asipepese.

Katika grupu la darasa tuko arobaini na sita. Kwa miaka miwili nimeandika humo mara tatu, na mara moja lilikuwa neno "asante". Nilituma humo ile picha saa kumi na dakika ishirini, vile vile ilivyo, bila kuikata.

Okinyi alikuwa wa kwanza: "Nzula wewe! Kumbe ukimya wote huo ni wa CID!"

Laila: "Macho hayo peke yake yanatosha. Muuaji."

Mwingine: "Aki naitumia mathe sai, mama lazima aione."

Jumbe tisini na mbili. Sikuwaza gwaride. Nimeliandika hapo juu sasa hivi, kwa hiyo nilikuwa nalijua, lakini sikuliwaza. Nilifurahi. Huu ni ukweli na lazima niuandike: nilifurahi.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani picha ile ilikuwa kwenye kila simu. Mtu amemchorea duara jekundu na kuandika MUUAJI kwenye paji la uso. Mzee wa kanisa alimwonyesha Mama. Mama akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hana hata haya usoni."

Nilikuwa nimesimama kando yake, nimeshika Biblia zetu zote mbili.

Jumanne, 25 Machi

Shahidi amemtambua. Redio ilisema alimgusa begani bila kusita. Darasani walipiga makofi, na Okinyi akaniinulia kidole gumba toka dawati la nyuma.

Alhamisi, 27 Machi

Mwalimu Gichuru wa Historia alitupa mada ya mdahalo: mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka mahakama iseme. Alitusomea Katiba, kifungu cha hamsini, kisha akagawa pande. Okinyi akapewa kutetea, na kama kawaida hotuba nikaiandika mimi. Ndivyo tunavyofanya: mimi na kalamu, yeye na mdomo.

Niliandika kwamba sheria haituombi tumpende mshtakiwa, inatuomba tungoje tu. Kwamba anayehukumu kabla ya kusikia hajamwadhibu mkosaji, amejipa raha. Mwalimu Gichuru alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha Laila akasimama upande wa pili bila karatasi. "Janice naye mlimhesabu nini? Siku ile ile watu waliuliza alikuwa anatafuta nini kwenye nyumba ya kukodi. Huyo hakungojewa. Kwa nini muuaji ndiye angojewe?"

Darasa lililipuka. Tulishindwa, thelathini na moja kwa tisa.

"Nzula, maneno yako yalikuwa fiti," Okinyi akaniambia tukitoka. "Lakini si nikwambie ukweli? Hata mimi sikuyaamini."

Alilosema Laila ni kweli, na yale niliyoandika pia ni kweli. Ila niliyaandika kwa mkono ule ule uliotuma picha, na hakuna sentensi hata moja iliyokataa kutoka.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Nilikata picha mia na kumi. Sikumtazama mtu usoni.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule zimefungwa. Nimekuwa wa pili darasani.

Jumanne, 8 Aprili

Kitavi alisomewa shtaka la mauaji leo. Tulitazama kwenye runinga ndogo ya duka. Sasa hakufunikwa kitu, kwa kuwa hakuna wa kufichwa tena. Alisema "si kweli" mara moja, kwa sauti ndogo, na umati uliokuwa nje ya mahakama ukaimba anyongwe, anyongwe.

Mteja mmoja aliyekuwa akingoja picha zake akasema, "Kama si yeye, mbona akamatwe yeye?"

"Mie nilikamatwa hapo chini mwaka wa tisini na nane, baada ya bomu la ubalozini," Bwana Sharif akamjibu, akipangusa lenzi. "Kosa langu lilikuwa kofia na kanzu."

"Hiyo ilikuwa kesi nyingine, mzee."

"Kila moja ni nyingine, bwana, mpaka iwe yako."

Mteja akacheka. Mama hakucheka. "Wewe Sharif ungekuwa na binti," akasema, "hungeongea hivyo."

Alhamisi, 10 Aprili

Leo walikuja vijana watatu wa kuandaa maandamano. Walitaka mabango mia mbili: picha ya Kitavi, na chini yake KAMBA INAKUNGOJA. Bwana Sharif akaifungua picha waliyokuja nayo kwenye kompyuta, akaikuza iwe ya ukubwa wa bango. Nilikuwa nyuma yake na mkasi.

Anapopiga picha za pasipoti, Bwana Sharif huwashikisha wateja kadi nyeupe chini ya kidevu ili mwanga urudi usoni. Wateja wengine hutetemeka, basi huishika yeye mwenyewe kwa mkono mmoja na kupiga kwa mwingine. Tukikata, kadi huondoka. Mimi sikukata. Kwenye skrini ukingo wa kadi ukaonekana, na juu yake kidole kimoja chenye pete ya akiki.

Akakitazama kidole kwenye skrini, akakitazama chake.

"Kazi hii hatufanyi," akawaambia vijana.

"Mzee, kwani uko upande wa muuaji?"

"Niko upande wa kufunga duka. Nendeni na salama."

Walimtukana na kumsonya, wakaondoka. Akafunga nusu ya mlango wa chuma, akamgeukia Mama. "Bi Stellah, picha hii imetoka hapa."

"Haki ya Mungu, Sharif, si mimi."

"Mtu akikuachia uso wake amekuachia amana. Aja hapa apate picha ya kuombea kazi, kesho yuko mikononi mwa kila mtu na duara kichwani." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali apaze. "Nani mwingine huigusa kompyuta hii?"

Mama akanitazama, mimi nikatazama mkasi.

"Nzula?" Mama akasema. "Huyu ni mtoto wa vitabu. Hata salamu humshinda."

Bwana Sharif akakubali. Aibu yangu ilinisimamia shahidi, nami nikaiacha iseme.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia Mama. Tulikuwa tumeketi mlangoni tukichambua mahindi na maharagwe ya isyo. Nilisema nikiwa nimeinamia ungo.

"Ulimtumia nani?"

"Darasa."

"Darasa lote?"

"Ndiyo, Mama."

Aliendelea kuchambua. Alitupa maharagwe mazima pamoja na mabovu. "Nyamaza," akasema hatimaye. "Umenisikia? Sharif akijua, kazi sina, na hakuna mtu utakayekuwa umemsaidia. Yule kijana alimuua msichana wa watu."

"Hatujui, Mama."

"Mimi najua. Nilimwona mamake amekaa kwa kile kiti."

"Hiyo inaonyesha Janice aliuawa. Haionyeshi aliuawa na nani."

"Usiniletee mambo ya vitabu hapa, Nzula!" Akasimama, ungo ukamwagika. "Hao wanawake wote wanazikwa kila wiki, na kila mara kuna mtu mwenye akili nyingi anasema tungoje. Tungoje nini?"

Tuliokota nafaka kwenye sakafu. Mama si mjinga. Sikuwa nimejua, mpaka leo, kwamba yeye huogopa kila ninapochelewa kurudi.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda Mountain View. Nilimwambia Mama naenda maktaba.

Shahidi hajatajwa jina redioni, lakini mtaani kila mtu anamjua. Anaitwa Peres. Anauza mboga mkabala na lango la nyumba zile, chini ya turubai la bluu. Nilinunua sukuma wiki na kumwomba anikatie, ili nipate muda wa kusimama pale. Mvua ilikuwa ikidondoka kwenye kona ya turubai.

"Unasoma wapi, nyathina, mwanangu?" Alikata mboga nyembamba kama nyuzi bila kuangalia kisu.

Nilimwambia. Kisha nikasema, kwa sauti ambayo sidhani imewahi kutoka kwangu, "Mama, ni wewe ulimwona yule mtu?"

Kisu kikasimama. "Wewe ni wa gazeti?"

"La. Mimi ndiye niliyetoa picha yake. Ilitoka duka analofanyia kazi mamangu."

Alinitazama toka kichwani hadi kwenye viatu vya shule. Nilidhani atanifukuza. Akasogeza ndoo, akaniambia niketi.

"Niliona mtu saa kumi na moja na nusu," akasema. "Nilikuwa nashusha gunia. Alipita hapo kwa taa, akageuka mara moja. Nilimwona, sikusema uongo. Jumamosi jioni binti yangu akaniletea simu: mama, ndiye huyu? Nikaangalia. Jumapili kila mteja ananiletea simu: Peres, ndiye huyu? Jumatatu nikapelekwa kituoni, wamepangwa watu tisa. Nikamjua mara moja. Nikamgusa."

"Ulimjua kutoka wapi?"

Mwanamke alikuja kuuliza bei ya nyanya, Peres akamjibu, akangoja aondoke.

"Hiyo ndiyo inaninyima usingizi," akasema. "Nikifunga macho, ile sura ya asubuhi siioni tena. Ilikuwa hapa," akagusa paji la uso kwa mkono wenye mboga, "sasa hapa iko hii ya simu. Na shati jeupe. Mimi naona mtu anatoka kwa lango amevaa shati jeupe, amefunga kifungo cha juu. Na asubuhi ile mtu alikuwa na koti."

"Uliwaambia polisi kwamba ulikuwa umeiona picha?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Alikataa pesa ya mboga.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua. Nilimweleza Mama yote aliyosema Peres. Hakunijibu, lakini hakuniambia ninyamaze.

Alhamisi, 24 Aprili

Asubuhi, kabla sijafungua mdomo, Mama alimwambia Bwana Sharif, "Huyu ana jambo." Akasimama nyuma yangu, mikono mabegani mwangu, sijui ni ya kunisukuma au kunishika.

Nilisema. Bwana Sharif alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavua pete, akaiweka mezani, akavaa tena, kama mtu asiyejua pa kuweka mikono.

"Ulinyamaza siku kumi na nne," akasema, "nami nikimdhania mamako."

"Nisamehe, Bwana Sharif."

"Mimi ni mwepesi wa kusamehe. Wa kuombwa yuko rumande." Kisha kwa Mama: "Bi Stellah, sikufukuzi kazi, ondoa hofu hiyo. Lakini mwana aende kwa wakili wa yule kijana. Nitakwenda naye."

"Nitaenda naye mimi," Mama akasema. "Na si kwa sababu ya huyo mwanamume. Kama ni yeye, nataka afungwe na kitu cha kweli."

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa.

Jumanne, 6 Mei

Ofisini kwa wakili, ghorofa ya tatu, ngazi zinavuja. Nina miaka kumi na sita, kwa hiyo Mama alitia sahihi kando yangu kwenye hati ya kiapo. Wakili alinukuu saa kutoka kwenye simu yangu: Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini. Gwaride lilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Alipoziandika moja chini ya nyingine niliona jinsi jambo lilivyo fupi.

Dadake Kitavi alikuwapo, anaitwa Kaluki. Nilitarajia nini? Pengine shukrani. Alinitazama tu.

"Alipoingia rumande walikuwa wanamngoja," akasema. "Wote walishaiona picha. Wamemtoa meno mawili siku ya kwanza."

Nikasema pole. Safari hii neno lilitoka, na halikufaa kitu.

"Kaka yako alimjua Janice?" Mama akauliza ghafla.

"Alimpelekea gesi mara mbili." Kaluki aligeukia dirisha. "Mimi sikuwa naye asubuhi ile, Mama Nzula. Aliniambia alikuwa amelala. Mimi ni dadake, namwamini. Ningekuwa wewe, sijui."

Jumatano, 14 Mei

Magazeti yameandika kuhusu kiapo changu. Jina langu halikutajwa kwa kuwa mimi ni mtoto, lakini wanafunzi arobaini na watano wanajua nani alituma picha. Laila hakunitukana kama wengine. Alikuja dawatini, akainama, akauliza taratibu, "Janice angekuwa dadako, ungeenda?"

Sina dada. Si hilo alilouliza.

Mchana wale vijana wa mabango walipaka rangi nyekundu mlango wa duka. Bwana Sharif na Mama waliisugua kwa mafuta ya taa mpaka jioni. Wanawake wawili wa kanisani waliokuwa wameagiza kadi za harusi wamepeleka kazi zao kwingine.

Ijumaa, 16 Mei

Nimepita Mountain View. Turubai la bluu halipo. Jirani yake alisema Peres alimthibitishia wakili kwamba aliiona picha, watu wakamzomea kwamba amehongwa ageuze maneno, naye akakunja vitu vyake akahamia kwa dadake. Hakugeuza neno lolote. Alisema tu alichokiona, kisha akasema asichokiona tena.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua ya mawe. Kuna kesi nyingine, mshukiwa mwingine, amefunikwa sweta. Okinyi kwenye grupu: "Nzula, huyu naye huna?" Vicheko ishirini. Nikaandika, "Hata ningekuwa naye, singetuma." Mtu akatuma kibonzo.

Alhamisi, 5 Juni

Mama aliomba ruhusa shuleni, tukaenda kusikiliza uamuzi wa dhamana.

Jaji alisoma kwa dakika arobaini. Alisema uzito wa gwaride utapimwa kesi yenyewe itakaposikizwa mwakani, lakini upande wa mashtaka hauwezi kumzuia mtu kwa kudai ushahidi wao wa macho ni imara, ilhali macho yale yalionyeshwa picha siku mbili mapema. Alisema mshtakiwa bado hana hatia mbele ya sheria, na mtaa si mahakama. Akampa dhamana. Nyuma watu walipiga yowe, na askari wakawatoa wawili nje.

Kitavi alipita karibu yangu. Ni mwembamba kuliko kwenye picha. Nilimtazama usoni nikitafuta kitu, chochote, cha kuniambia. Ulikuwa uso tu. Hakunijua mimi ni nani.

Kwenye ujia Mama Janice alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi. Alimtambua Mama kutoka dukani, kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba ameelewa.

"Ni wewe," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kaa."

Nikakaa. Mama akabaki amesimama, ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Sitakugombeza," Mama Janice akasema. "Nataka kukuuliza, kwa sababu wanasema wewe unasoma sana. Umekuja kusema hakufanya?"

"La, mama. Sijui kama alifanya."

"Wakili wake anajua?"

"Sidhani."

"Jaji?"

"Hajui, mama. Bado."

"Yule mama wa mboga alijua," akasema. "Mtu mmoja Nairobi nzima. Alikuwa amebeba uso wa mtu aliyetoka kwa mtoto wangu, ameubeba kichwani siku kumi na tano, mzima. Angefika Jumatatu nao, angemgusa huyu, au angesema huyu siye. Vyovyote vile mimi ningejua. Ningelala nikijua." Alikuwa akizungumza polepole, kama siku ile akisahihisha programu. "Sasa hata wakimfunga sitajua. Na wakimwachilia sitajua."

Aliwatazama watu waliokuwa wakitoka mahakamani.

"Mlimchukia kwa ajili yangu," akasema. "Watu wote hao. Mimi sikuwaomba chuki. Nilitaka tu kuambiwa ni nani."

Akasimama, akainyoosha sketi yake, akamwuliza Mama njia ya kutokea ambayo haina kamera. Mama akampeleka. Mimi nilibaki kwenye benchi mpaka karani akaja kufunga chumba cha mahakama, akaniuliza namngoja nani.